Kuna Mbezi mbili: uzi wa waliohamia Dar, njia mlizijuaje?

Fundi wa Makambako – #1

Wakuu, habari zenu.

Nimekuwa nasoma humu muda mrefu bila kuandika. Leo naandika kwa sababu mdogo wangu anakuja kuishi kwangu mwezi ujao, na jana kanipigia simu akaniuliza swali moja tu: "Dada, njia za Dar ulizijuaje?" Nikamjibu kwa saa nzima na bado sikumaliza.

Nilihamia huku Machi mwaka jana, kumfuata mume wangu aliyepata kazi. Mimi ni fundi cherehani. Nimekulia Makambako, na pale barabara ya Songea inaikuta ile ya Mbeya. Ukizidiwa unauliza njia panda iko wapi, unarudi hapo, unaanza upya. Dar hakuna njia panda moja ya kurudia. Wiki ya kwanza nilijua njia mbili: nyumbani mpaka dukani, na nyumbani mpaka kituoni. Kilichoniuma zaidi si kupotea, ni kuuliza. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, unamsimamisha mtoto wa shule umuulize kituo kiko upande gani.

Siku ya nne nilikwenda Mwenge kumwona mtu anayeuza vipuri vya cherehani. Kwenda nilifika vizuri. Kurudi nikasimama kituoni nikauliza, "Gari za Mbezi ziko wapi?" Kijana akanionyesha, nikapanda, nikapata siti ya dirishani. Gari likaenda. Nikawa nasubiri kuona Ubungo, zile barabara za juu nilizopita asubuhi. Sikuziona. Nikaanza kuona majumba yenye kuta ndefu. Konda akaita, "Tangi Bovu kuna mtu?" Jina hilo sikuwahi kulisikia maishani. Nikashuka kwa woga tu. Saa kumi na mbili jioni ilishafika, simu ina chaji asilimia sita.

Pembeni ya kituo palikuwa na mama anakaanga mihogo. Nikamwamkia, nikamwambia naenda Mbezi. Akanijibu, "Si umeshafika, mwanangu." Nikamwambia hapana mama, Mbezi yenye stendi ya mabasi ya mikoani. Akaweka upawa chini. "Kuna Mbezi mbili. Hapa ni Mbezi Beach. Yako ni Mbezi ya Kimara, ile wanayoiita Mbezi Luis. Njoo nikuonyeshe."

Akaulaza mkono wake wa kushoto juu ya meza, kiganja chini, vidole kavipanua. Vidole vina mafuta, na chumvi ya pilipili imegandia kwenye kucha. Akaanza kugusa kimoja kimoja kwa mkono wa kulia.

Mgongo wa kiganja ni mjini: Posta, Kariakoo, Upanga. Dole gumba ni Masaki, limechomoza baharini peke yake. Kidole cha shahada ni barabara ya Bagamoyo: Morocco, Mwenge, Mbezi Beach, Tegeta. Cha kati ni barabara ya Morogoro: Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara, Mbezi yangu. Cha pete ni barabara ya Nyerere, inakwenda uwanja wa ndege, Ukonga, Gongo la Mboto. Kidole cha mwisho ni barabara ya Kilwa: Mtoni, Mbagala. Kisha akapitisha kidole kwa kukata juu ya vifundo: "Hii Kawawa. Inaanzia Morocco, inapita Magomeni na Ilala, inaishia Chang'ombe." Akakata tena mbele kidogo: "Hii Sam Nujoma, inatoka Mwenge inakwenda Ubungo. Ukivuka Ubungo inaitwa Mandela, inapita Buguruni na Tazara mpaka kule bandarini."

Halafu akaweka kidole kwenye ngozi iliyo kati ya shahada na cha kati. "Na hapa katikati ni Goba. Ukipanda gari la Goba hapo ng'ambo, linakutoa kidole hiki mpaka hiki. Huna haja ya kurudi Mwenge."

Saa mbili na robo nilikuwa nyumbani. Ule mkono ninao mpaka leo. Mtu akinitajia mahali, kwanza nauliza ni kidole gani.

Sasa nauliza nyie mliohamia, popote pale: mlizijuaje njia? Nataka mdogo wangu asome huu uzi kabla hajapanda basi.

Konda Mstaafu – #2

Dada, karibu sana mjini. Huyo mama amekufundisha vizuri kuliko watu wengi waliozaliwa hapa.

Nimesimama mlangoni mwa daladala miaka kumi na moja, njia tofauti tofauti. Naongeza ya kwangu.

La kwanza, usimtajie konda mtaa, mtajie kituo. Konda hajui mtaa wenu wala nyumba ya shangazi yako, anajua vituo. Kabla ya kutoka nyumbani muulize unayemwendea: nashuka kituo gani, na kituo kilicho kabla ya hicho kinaitwaje? Hicho cha kabla ndicho kinachokuokoa. Ukikisikia kimeitwa unaanza kusogea mlangoni.

La pili, mwambie konda wakati unapanda, usingoje mpaka umefika. "Kaka, mimi mgeni, nishushe Baruti." Basi. Wengi wanaficha ugeni wakidhani wataongezewa nauli. Kwa uzoefu wangu mgeni aliyesema nilimshika akilini kuliko abiria mwingine yeyote. Mgeni aliyenyamaza ndiye niliyempitisha vituo vitatu, halafu anashuka analia.

La tatu, soma kibao cha mbele chote. Gari mbili zinaweza kwenda sehemu moja kwa njia tofauti. Jina kubwa ni mwisho wa safari, jina dogo ni njia inayopita. Wewe unayeshuka katikati, jina dogo ndilo lako.

La nne, majina ya vituo hayafi. Pale Ubungo barabara za juu zilifunguliwa Februari 2021, lakini utawasikia watu bado wanasema Ubungo Mataa. Stendi ya mikoani nayo ilihamia Mbezi mwaka huohuo, ila mtu aliyeondoka Dar zamani atakwambia "tukutane Ubungo stendi" na moyo wake wote. Kwa hiyo ukielekezwa na mtu muulize pia: mara ya mwisho ulikuja lini?

Simu Mkononi – #3

Naheshimu haya yote, ila mbona tunajitesa? Ramani ya simu ipo. Weka unakokwenda, inakuonyesha. Mimi nilihamia kutoka Shinyanga miaka mitatu iliyopita na sijawahi kumuuliza mtu njia.

Fundi wa Makambako – #4

Simu Mkononi, sikatai. Mimi mwenyewe naitumia, na kwenye barabara kubwa inanisaidia sana. Ila acha nikwambie kilichonipata.

Mteja alinitumia eneo lake kwa simu nimpelekee nguo za kipaimara za mabinti zake. Ramani ikasema dakika nane kwa miguu. Nikaifuata, kulia, kushoto, kulia, mpaka nikafika ukingoni mwa korongo. Mteja yuko ng'ambo, namwona anapunga mkono. Kwenye simu ile njia imenyooka kama rula. Kumbe kivuko cha miti kilichokuwepo kilishabebwa na mvua, na ramani haina habari. Bibi mmoja aliyekuwa anafua akaniambia, "Zunguka kwa fundi baiskeli, kuna daraja la mawe." Dakika arobaini.

Jingine ni usalama. Mgeni anayetembea macho kwenye simu anaonekana tangu mbali. Kuna jirani yangu aliporwa simu akiwa ameishika dirishani mwa gari kwenye foleni, anatafuta kituo. Simu ikaondoka na ramani yake. Kuanzia siku hiyo mimi naiangalia ramani nikiwa nyumbani au ndani ya duka, nakariri vituo, naiweka kwenye mkoba.

Ila kuna kitu kipya ninachokipenda na watu wengi hawakitazami: vibao vya majina ya mitaa na namba za nyumba, vile vilivyowekwa ile 2022 kabla ya sensa. Mtaani kwetu kila nyumba ina namba. Nimewafundisha wanangu waikariri kama wanavyokariri namba ya simu ya baba yao. Mdogo wa darasa la pili aliwahi kuchukuliwa na gari la shule lisilo lake, akamtajia dereva mtaa na namba. Akaletwa mpaka mlangoni.

Fimbo Nyeupe – #5

Naandika kwa sauti, simu inanisomea. Mkiona neno limekosewa mnisamehe.

Mimi sioni. Nilihamia Ukonga nikitokea Tabora, na kila asubuhi nakwenda mjini kazini. Nimesikiliza uzi huu na nataka kumwambia mdogo wake dada fundi kwamba macho ni njia moja tu ya kuujua mji.

Mtaani kwangu najua nimetoka nyumbani kwa mashine ya kusaga. Sauti yake nikiiacha mkono wa kulia, natembea mpaka mchanga unakuwa changarawe. Hapo kuna kibanda cha chipsi, harufu ya mafuta ipo hata asubuhi wakati kimefungwa. Kisha tuta moja. Baada ya tuta ardhi inaanza kushuka kidogo, na hapo nasikia makonda. Hesabu yote niliifanya na kijana wa jirani, Jumamosi tatu mfululizo. Jumamosi ya kwanza ananishika mkono. Ya pili anatembea nyuma yangu kimya. Ya tatu ananisubiri kituoni.

Ndani ya gari nilikuwa najua Tazara kwa kusimama. Gari linasimama kwenye taa muda mrefu, wauza maji na karanga wanapita dirishani, najua bado nusu ya safari. Septemba 2018 ikafunguliwa ile barabara ya juu. Siku ya kwanza kupita juu nilisikia tumbo limepanda, gari limekuwa jepesi, upepo umebadilika, halafu tumeshuka. Wauza karanga sikuwasikia. Nikapiga kelele, "Konda, tuko wapi?" Gari zima likanyamaza. Mama mmoja akanishika bega akaniambia, "Tumepita juu, baba. Tazara sasa inapitwa juu." Kuanzia hapo nikajifunza Tazara upya, safari hii kwa tumbo.

Ninachokiomba ni kimoja. Mtu akikuuliza njia, usimwambie "pale" huku umenyoosha kidole. Sema kulia, sema kushoto, taja kitu kinachosikika au kinachokanyagika.

Konda Mstaafu – #6

Mkuu Fimbo Nyeupe, miaka kumi na moja nimesema "pale" na kidole. Nimekuelewa.

Mzaliwa wa Gerezani – #7

Naomba niingie kwenye Kariakoo, maana najua huyo mdogo atatumwa huko wiki ya kwanza kununua zipu na uzi wa kushonea.

Watu wanaiogopa Kariakoo kwa sababu ya wingi wa watu. Lakini ukiondoa watu, ni mahali rahisi kuliko Sinza au Tandale. Mitaa imenyooka na inakatana kama daftari la hesabu. Shika mitaa mitatu: Msimbazi, Uhuru na Lumumba. Msimbazi anaijua hata asiyewahi kukanyaga Dar, si ndiyo ya Wekundu wa Msimbazi, timu ya Simba? Na Jangwani ya Wananchi, yaani Yanga, iko jirani. Lumumba inakupeleka Mnazi Mmoja. Mingine ndani, Kongo, Swahili, Sikukuu, Mkunguni, Nyamwezi, Aggrey, utaizoea kwa biashara zake, maana kila mtaa una tabia ya kujaza bidhaa za aina moja.

Alama kubwa ni jengo la soko lenyewe, lile lenye paa kama miavuli iliyopinduliwa. Alilichora Beda Amuli, likafunguliwa 1975, na Julai 2021 liliungua. Mimi nilisimama mbali siku ile usiku nikitazama moshi, na asubuhi yake nilishindwa kumwelekeza mtu. Kila njia niliyotaka kumwambia ilianza na "ukiwa sokoni". Hata jina Kariakoo lenyewe linatoka kwa Carrier Corps, wale wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi walishaondoka, jina tunalo, kama alivyosema Konda.

Ushauri wangu: aende mara ya kwanza saa moja asubuhi, kabla machinga hawajatandika. Atasoma mitaa vizuri. Saa sita mchana kibao cha mtaa hukioni, unaona mabegi na madera tu.

Binti Kiponda – #8

Assalaam alaykum. Nami nimo, ingawa mimi nilihama kwa kinyume. Nimetoka Dodoma, kule kunakoonekana mlima tangu mbali, nimeolewa Unguja, Mji Mkongwe. Huku vidole havifai, maana vichochoro vinajikunja.

Mama mkwe wangu, Allah amhifadhi, alinipa kanuni mbili. Mji Mkongwe pande tatu ni bahari, upande wa nne ni barabara ya Darajani. Zamani hapo Darajani palikuwa na mkono wa bahari, wakaufukia. Basi akanambia: "Mwanangu, ukipotea usirudi nyuma. Nenda mbele bila kugeuka geuka, utatokea ama baharini ama Darajani. Hakuna pengine pa kutokea."

La pili, milango. Nyumba zote ziliniwia sawa, kuta nyeupe, nyembamba. Akanichukua alasiri kila siku, tunatembea taratibu, ananionyesha mlango mmoja mmoja: huu una misumari ya shaba, huu umechongwa mnyororo pembeni, huu rangi imebanduka, hapa kuna baraza wanakaa wazee wa bao. Kutoka Kiponda mpaka Mkunazini nilijua milango tisa. Usiku umeme ukikatika nilikuwa naipapasa, misumari ya shaba ndiyo inayoniambia nimekaribia kwetu.

Kuuliza huku lazima usalimie, na usalimie kweli, usubiri jibu. Mgeni anayeanza na "Samahani, wapi Hurumzi?" atajibiwa. Anayeanza na salamu atasindikizwa.

Wa Rongai – #9

Salamu kutoka Nairobi. Nilitoka Voi nikaja hapa kwa kazi. Huku kitu cha kwanza nilijifunza ni namba za matatu. 46 ni Kawangware, 45 Githurai, 237 Thika, 125 ni sisi wa Rongai. Lakini namba bila steji, yaani kituo cha kupandia, haikusaidii, kwa sababu kila njia ina mahali pake mjini, na mahali hapo si lazima pawe karibu na ulipo. Magari yetu yako Railways. Nilikaa mwezi mzima nikipanda kutoka Railways mpaka Railways, na nikishukishwa kwingine mjini nilikuwa natembea kufuata mtu aliyevaa kama mtu wa Rongai.

Kile kilinisaidia ni kutembea Jumapili. Jumapili mji umetulia. Nilitembea kutoka Railways mpaka Kencom, Kencom mpaka Odeon, tena na tena, mpaka miguu ikajua. Odeon ilikuwa sinema, watu wanapanda magari hapo wengine hawajui. Konda amesema kweli.

Simu Mkononi – #10

Nimesoma yote. Leo asubuhi nimeacha simu mfukoni nikamuuliza mzee wa magazeti pale kituoni njia ya mkato ya kwenda Shekilango. Nimepita hapo miaka mitatu nikizunguka. Kuna kichochoro nyuma ya sheli, dakika nne.

Mgeni Toka Kasulu – #11

Wakuu, samahani kuingilia. Nimeuona uzi huu nikiwa ndani ya basi, tumeshapita Morogoro. Namleta mama Muhimbili, ana kliniki kesho asubuhi. Miguu inamsumbua, hawezi kutembea mwendo mrefu. Dar sijawahi kufika. Basi linaishia Mbezi. Tutalala gesti hapohapo. Asubuhi nifanyeje?

Fundi wa Makambako – #12

Karibuni sana, na pole na safari. Mpe mama pole yangu.

Nisikilize vizuri. Mko kidole cha kati, kwenye ncha. Muhimbili iko mgongoni mwa kiganja. Kwa hiyo ni kunyooka tu, hakuna kuhama kidole.

Tokeni mapema, saa kumi na moja alfajiri, kabla foleni haijaanza. Pandeni gari la kwenda Kimara Mwisho. Vituo mtakavyovisikia ni Temboni na Suka, mkisikia Suka muanze kujiandaa. Pale Kimara ingieni kituo cha mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao. Mtashuka kituo cha Fire. La Kivukoni au la Gerezani yote yanapita hapo, ila muulize wa mlangoni kama linasimama, maana yapo yanayoruka vituo. Mwombee mama siti, usione haya, watu watampisha.

Jua likitoka litakuwa usoni kwenu. Hiyo ndiyo dalili kwamba mnakwenda mjini. Mtapita Ubungo, Manzese, Magomeni Mapipa. Baada ya Mapipa mtaona bonde wazi, hilo ni Jangwani. Hapo mama asimame taratibu. Kituo kinachofuata ni Fire. Kutoka pale usimtembeze, chukueni bajaji, mwambie dereva "Muhimbili" na umtajie kliniki yenyewe, maana mageti ni zaidi ya moja. Elewaneni bei kabla hamjapanda.

Ukifika niandikie hapa.

Konda Mstaafu – #13

Maelekezo yamekamilika. Ongeza tu: weka chenji ndogo mfuko tofauti na pesa ya matibabu.

Mgeni Toka Kasulu – #14

Tumefika, saa mbili kasoro. Namba yetu ni ya kumi na saba. Watu wawili walinyanyuka kumpisha mama kwenye mwendokasi.

Jana usiku gestini nilimsomea ule mkono. Sasa hivi amekaa kwenye benchi, ameulaza wa kwake juu ya goti, ananiuliza sisi tuko wapi. Nimemgusa hapo mgongoni, karibu na kifundo cha kidole cha kati. Sasa anataka nimwonyeshe tutakapopita jioni tukirudi.